Kenny Miller: straika wa klabu 12 ambaye hakuwa garasa

Kila dirisha la usajili likifunguliwa mabishano ni yale yale. Mtu anaona straika wa miaka 31 kauzwa bei ya kutupa, anaandika "garasa huyo, wamemtema". Mwingine anaona jina la mchezaji limetokea timu ya saba, anasema jamaa hatulii, hela tu ndo inamzungusha. Wa tatu anauliza inakuwaje klabu inamwachia mchezaji wake bure kabisa, hivi viongozi wana akili kweli? Na humo humo kwenye komenti mkopo, uhamisho huru na mkataba wa awali vinachanganywa utadhani ni kitu kimoja.

Ukitaka kulielewa hili vizuri usianze na kanuni za FIFA, zinachosha. Mchukue mchezaji mmoja aliyepitia karibu kila aina ya uhamisho, umfuate kituo kwa kituo. Mimi namchukua Kenny Miller wa Uskoti. Wazee wa EPL wanaweza kumkumbuka, ndo yule aliyewatungua Man United bao pekee pale kwa Wolves Januari 2004. Kazaliwa Edinburgh Desemba 1979, kachezea klabu 12 kwa zaidi ya miaka 20, kapita Uskoti, Uingereza, Uturuki mpaka Kanada. Rangers peke yake kaenda mara tatu, na katikati ya hizo safari za Rangers akapita Celtic! Hilo la mwisho tutalifikia, tusikimbilie.

Kwanza maneno. Mchezaji wa kulipwa ana mkataba na klabu na mkataba una tarehe ya mwisho. Timu nyingine ikimtaka kabla ya hiyo tarehe inabidi imlipe mwenye mkataba, hiyo ndo ada ya uhamisho. Sasa hapa ndo wengi wanapotea, wanadhani ada ni bei ya kipaji, yaani aliyeuzwa milioni kumi ni bora mara mbili ya aliyeuzwa milioni tano. Kipaji kinahesabika, sikatai, ila kinachouzwa hasa ni muda uliobaki kwenye mkataba. Chukulia bando la mwezi: likiwa na siku 28 mbele lina thamani yake, lakini bando lile lile, spidi ile ile, likibakiza masaa matatu hamna mtu atakupa hela ya maana. Intaneti haijaharibika, muda ndo umekata.

Mkopo ni tofauti. Mchezaji anabaki kuwa wa klabu yake ila anaenda kucheza kwingine kwa muda, mshahara wanaelewana nani anabeba nini. Uhamisho huru ni pale mkataba umeisha, jamaa anabeba viatu vyake anaondoka na klabu ya zamani haipati hata senti. Na miezi sita kabla ya mkataba kuisha kanuni zinamruhusu kusaini kabisa na timu nyingine huku bado anachezea ya zamani, huo ndo mkataba wa awali. Kwahiyo ukisikia "amebakiza miezi sita" ujue meza imegeuka, mwenye nguvu sasa ni mchezaji.

Haikuwa hivyo siku zote. Huko Ulaya zamani hata mkataba ukiisha klabu iliweza kukushikilia mpaka ilipwe. Mbelgiji mmoja, Jean-Marc Bosman wa RFC Liège, mkataba wake ulikwisha akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, dili likakwama kwa ajili ya hela, akaenda mahakamani. Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba mkataba ukiisha hamna cha ada, mtu yuko huru. Miller alianza kucheza Hibernian ya Edinburgh muda mfupi tu baada ya hapo, kwahiyo yeye ni wa kizazi cha kwanza kilichokulia ndani ya huo utaratibu mpya. Wachezaji wazunguko walikuwepo hata kabla, ila kuanzia hapo mlango ukawa wazi kabisa.

Msimu wa 1998/99 Hibs, yaani hao hao Hibernian, wakampeleka kwa mkopo Stenhousemuir, timu ndogo ya madaraja ya chini karibu na Falkirk. Ungekuwa na mitandao ya sasa angeshaandikwa kwamba kaisha. Kumbe dogo wa miaka 18, 19 anayekaa benchi anahitaji mechi za wanaume, mabeki wanaomkanyaga, uwanja mbovu, mashabiki wanaomtukana kwa karibu. Kule akatupia mabao 8 kwenye mechi 11, akarudi Hibs akapata namba, mwaka 2000 wachezaji wenzake wakampa tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa Uskoti, na kiangazi hicho hicho Rangers wakatoa paundi milioni 2. Tusiudharau mkopo.

Hiyo milioni 2 ikumbuke, tutaihitaji.

Rangers ya Dick Advocaat ilikuwa na hela na ilikuwa inazitumia. Novemba 2000 Miller akawafunga St Mirren mabao matano mechi moja, matano! Unajua kilichofuata? Ndani ya mwezi huo huo klabu ikamleta Tore André Flo kutoka Chelsea kwa paundi milioni 12. Sasa wewe ni kijana wa miaka 20, umetoka kupiga tano, halafu mbele yako kaletwa mtu wa milioni 12, kocha atamweka nani? Hakuna kocha anayemweka benchi mchezaji ghali aliyemuomba mwenyewe. Mchezaji anaweza kufanya kila kitu sawa na bado nafasi ikapotea kwa sababu ya hesabu za watu wengine.

Mwaka uliofuata, Septemba 2001, akaenda Wolves kwa mkopo, Desemba mkopo ukageuka usajili kamili, kama paundi milioni 3. Hii ni aina nyingine ya mkopo, ya kujaribu kwanza ndo ununue, na ona kwamba Rangers wamemuuza kwa faida mtu waliyekuwa hawana nafasi naye. Pale Wolves alikaa karibu miaka mitano. Miaka mitano! Mtu anayeitwa hatulii. Mei 2003 akafunga kwenye fainali ya mchujo wa kupanda daraja, Wolves 3 Sheffield United 0, mechi ikachezwa Cardiff maana Wembley ilikuwa imebomolewa inajengwa upya. Msimu uliofuata wa Ligi Kuu ulikuwa mgumu, timu ikashuka, ila lile bao la kuwaua Man United lipo, na siku chache baadaye akawasawazishia Liverpool dakika za majeruhi. Akabaki na Wolves daraja la pili mpaka mkataba ukaisha 2006.

Akaondoka bure kwenda Celtic. Mashabiki wengi hapa wangeuliza Wolves waliibiwaje, walitoa milioni 3 wakaambulia sifuri. Hawakuibiwa, walinunua muda na muda wakautumia wote.

Sasa Celtic na Rangers. Hizi ni timu mbili za Glasgow lakini sio dabi ya mpira tu. Celtic asili yake ni wahamiaji Wakatoliki kutoka Ireland, Rangers ni upande wa Waprotestanti na ufalme wa Uingereza, kwahiyo ndani ya jezi kuna dini, siasa na ukoo. Alfie Conn, aliyewahi kuichezea Rangers, alikwishavuka kwenda Celtic 1977 kwa kupitia Tottenham. Mo Johnston, Mkatoliki aliyewahi kuichezea Celtic, aliposaini Rangers 1989 kuna mashabiki wa Rangers walichoma skafu zao na wa Celtic wakamwita msaliti, yaani pande zote mbili zilimkasirikia. Miller alienda mbali kuliko hao, alivuka akaenda, halafu akavuka akarudi.

Ila ona ramani yenyewe. Rangers, kisha Wolves, kisha Celtic, kisha Derby, kisha Rangers. Hakuna hata mara moja alipotoka klabu moja moja kwa moja kwenda kwa mtani, katikati daima kuna timu ya Uingereza. Hiyo inafanya kazi mbili, hasira zinapoa, na pia viongozi hawalazimiki kukaa meza moja na watani kufanya biashara, maana nani anataka kuonekana kamuuzia mpinzani straika? Sisi huku tuliliona kwa Emmanuel Okwi, alitoka Simba kwenda Étoile du Sahel ya Tunisia mapema 2013, kabla mwaka haujaisha akawa Yanga, mwaka uliofuata kairudia Simba. Wabongo tukapiga kelele kama ndo mara ya kwanza kutokea duniani.

Pale Celtic chini ya Gordon Strachan mabao ya ligi hayakuwa mengi, ila Septemba 2006 alifunga dhidi ya Rangers, klabu yake ya zamani, Celtic ikashinda 2-0, na kwenye Ligi ya Mabingwa akawapiga Benfica mawili. Msimu ukaisha na ubingwa. Halafu Agosti 2007 akauzwa Derby County kwa kama paundi milioni 2.25.

Simama hapa kidogo. Kiangazi cha 2006 huyu mtu alikuwa na bei ya sifuri. Mwaka mmoja baadaye, kazeeka mwaka mmoja, hajawa mfungaji hatari zaidi, ana bei ya milioni mbili na kitu. Kilichobadilika ni kwamba Celtic walimpa mkataba mpya na sasa kulikuwa na muda wa kuuza. Kama kuna mtu bado anabisha kwamba ada ni kipimo cha ubora aniambie hapo kilitokea nini.

Derby ilikuwa balaa. Mechi yake ya kwanza, Septemba 17, 2007, akafunga bao safi dhidi ya Newcastle, Derby 1-0. Huo ndo ulikuwa ushindi wao wa kwanza na wa mwisho msimu mzima, wakamaliza na pointi 11, rekodi mbovu kuliko zote katika historia ya Ligi Kuu. Ukiangalia tu takwimu utasema straika gani huyu, timu imeshuka na pointi 11. Ukiangalia kwa karibu, ushindi pekee waliowahi kuupata aliufunga yeye, lakini straika hawezi kujipigia krosi mwenyewe.

Kiangazi 2008 akarudi Rangers kwa kama milioni 2, baadhi ya mashabiki wakawa hawamtaki kabisa, mtu ametoka kuvaa kijani. Agosti 31 wakaenda Celtic Park. Rangers wakashinda 4-2, Miller kafunga mawili. Kelele zikakata siku hiyo hiyo. Hamna dawa ya msaliti kama kumfunga mtani nyumbani kwake.

Sasa ile milioni 2 ya mwaka 2000. Nusu ya kwanza ya msimu wa 2010/11 Miller alikuwa kwenye kiwango cha juu kuliko wakati wowote wa maisha yake, mabao 21 ya ligi kwenye mechi 18. Januari 2011 Rangers wakamuuza Bursaspor, waliokuwa mabingwa wa Uturuki, kwa paundi laki nne. Laki nne! Akiwa na miaka 20, kipaji bado nusu, anaenda milioni 2, akiwa ndo anawaka anaenda laki nne. Umri una sehemu yake, alikuwa na 31, lakini sababu kubwa ni kalenda: mkataba ulikuwa unaisha kiangazi. Rangers walikuwa na deni la benki, mazungumzo ya mkataba mpya hayakuzaa kitu, wachague laki nne leo au sifuri Juni. Wakachukua laki nne. Na hapa kuna kitu ninachokipenda sana kwenye hadithi yote hii, msimu ulipoisha Mei bado yeye ndo alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Uskoti. Hayupo nchini tangu Januari na hakuna aliyemfikia.

Kwahiyo ukiona straika kauzwa chee, kabla hujaandika garasa tafuta kwanza mkataba ulibakiza muda gani.

Uturuki hakukaa, miezi michache tu, akaenda Cardiff City. Februari 26, 2012 wakafika fainali ya Kombe la Ligi Wembley dhidi ya Liverpool, timu ya daraja la pili hiyo. Mechi ikafika 2-2, penalti. Steven Gerrard akapiga ya kwanza, kipa Tom Heaton akaipangua. Cardiff wanaongoza kisaikolojia, anayefuata ni Miller, mkongwe, ndo mtu unayemtaka hapo. Akagonga mwamba. Liverpool wakachukua kombe, na penalti ya mwisho iliyokosa upande wa Cardiff ilipigwa na Anthony Gerrard, binamu yake Steven. Mpira una ukatili wake wa kipekee.

Julai 2012 akaenda Vancouver Whitecaps, Kanada, wanaocheza ligi ya Marekani ya MLS. Kule watu huwa wanachanganyikiwa kuhusu mishahara. MLS ina kikomo cha jumla ya mishahara kwa kila timu, ila tangu David Beckham alivyoenda 2007 kukawa na nafasi chache za wachezaji maalum ambao mshahara wao unaruhusiwa kupita kikomo. Miller aliingia kwa nafasi hiyo. Wengi wanaziita ligi za namna hii mahali pa kwenda kustaafu na kuvuna, na ndo maana hakuna aliyetegemea kilichotokea Agosti 14, 2013.

Uskoti ilienda Wembley kucheza na Uingereza, mechi ya kirafiki kwa jina tu. Miller ana miaka 33, anatoka ligi ya Amerika Kaskazini, kocha ni yule yule Strachan wa Celtic. Kipindi cha pili kinaanza ngoma ikiwa 1-1. Alan Hutton anampa pasi karibu na boksi, mgongo wake uko kwa goli, Gary Cahill kambana nyuma. Anageuka. Cahill anabaki anaangalia upande mwingine, mguu wa kushoto, chini kabisa, kona, Joe Hart hana la kufanya. 2-1. Uingereza walirudi wakashinda 3-2 lakini muulize Mskoti yeyote wa umri ule anakumbuka nini kwenye mechi hiyo. Siku chache baadaye akastaafu timu ya taifa, mechi 69, mabao 18.

Mtu atasema mabao 18 kwenye 69 ni machache. Kwanza Uskoti ya miaka ile ilikuwa inacheza imejilinda, straika mmoja mbele anakimbizana na mabeki watatu, na Miller kazi yake kubwa ilikuwa hiyo ya kukimbia, kubana, kuvuta mabeki pembeni ili wenzake wapate nafasi. Makocha wanampenda mtu wa hivyo kuliko mashabiki wanavyompenda. Pili angalia aliwafunga nani, Italia pale Hampden, uwanja wa nyumbani wa Uskoti, 2005, Ukraine 2007, Uingereza Wembley. Bahati mbaya tu alizaliwa wakati mbaya, Uskoti haikucheza fainali yoyote kubwa kati ya Kombe la Dunia 1998 na Euro iliyochezwa 2021, yaani muda wake wote wa timu ya taifa umo ndani ya hilo shimo.

Kuna kitu kingine kinachoeleza hizi safari na watu hawakitaji sana, nacho ni watu. Wachezaji wa aina hii hawazunguki ovyo, wanafuata namba za simu. Strachan alimsajili Celtic kisha akamwita timu ya taifa. Walter Smith alimfundisha timu ya taifa, kisha akamrudisha Rangers 2008. Vancouver alipelekwa na kocha Mskoti, Martin Rennie, na aliyekuja kumrithi Rennie ni Carl Robinson, waliyecheza naye Wolves. Ukichora hiyo ramani utaona mtu anayezunguka ndani ya chumba kimoja chenye watu wanaofahamiana.

2014 akarudi Rangers mara ya tatu, ila Rangers hii sio ile. Kampuni iliyokuwa inaendesha klabu ilifilisika 2012 na wakaanzia daraja la nne (na hadi leo mashabiki wa Celtic na Rangers wanabishana kama ni klabu ile ile au mpya, mimi simo). Miller aliikuta daraja la pili, wakapanda 2016 kama mabingwa, na Aprili mwaka huo akawafunga Celtic nusu fainali ya Kombe la Uskoti, Rangers wakapita kwa penalti. Desemba 31 akawafunga tena pale Ibrox, uwanja wa Rangers, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 37, ingawa wakalala 2-1. Hapo alikaa miaka minne. Jumlisha na ile karibu mitano ya Wolves, ni karibu miaka tisa kwa timu mbili tu, kwahiyo hili la kwamba msafiri hatulii linategemea unahesabu nini.

Alipotoka 2018 Livingston wakampa ukocha mchezaji, yaani mtu yule yule anapanga kikosi na anaweza kujipanga mwenyewe. Zamani ilikuwa kawaida Uingereza, siku hizi ni nadra kwa sababu kazi ya kocha imekuwa kubwa mno. Haikufika hata miezi miwili, mechi mbili za ligi wakaachana, klabu ilitaka mtu wa benchi na yeye bado miguu ilikuwa inamwasha. Akaenda Dundee, kocha pale Neil McCann, waliyecheza wote Rangers. Dundee ikashuka, akaenda Partick Thistle, kocha pale Gary Caldwell, waliyecheza wote Celtic na timu ya taifa. Umeiona ile ramani tena?

Mwaka 2020 akaacha kucheza akaenda Australia kuwa kocha msaidizi Newcastle Jets. Bosi wake Carl Robinson. Akarudi Uskoti mwishoni mwa 2021 kuwa msaidizi Falkirk, na safari hii bosi wake akawa Martin Rennie, yule wa Vancouver.